Maji ya Bahari Kwenye Matairi ya Trekta Letu

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Hapa ndipo mtu huuliza hali, lakini hali yako naiona kupitia dirishani. Uko barazani, umelikalia begi ili zipu ifunge, na mama yako amekusimamia na kifurushi kingine cha mikate mkononi, anataka nacho kiingie. Mimi niko chumbani nimejifungia, namwandikia barua mtu ambaye nikimwita sasa hivi ataitika. Ukijua utanicheka. Nicheke tu. Nikisema kwa mdomo nitaanza kupaza sauti na kurusha mikono kama kawaida yangu, mama yako atanikatiza, na wewe utasema "Sawa, baba" kabla sijafika penye maana. Na ujumbe wa sauti wa kwenye simu sitaki, maana utausikiliza mara moja ndani ya basi, na jirani yako wa kiti naye asikilize.

Mambo ya kula, kulala, kufua na kuswali kwa wakati ameyashika mama yako, na mimi sina ubavu wa kushindana naye. Ameshakuambia mara ngapi tangu asubuhi uanike taulo? Mimi nitakuambia ya trekta. Ndiyo niliyonayo.

Lakini kwanza niseme hili: nina furaha mpaka nashindwa kutulia. Mwanangu mimi, mtoto wa Ndagoni hapa Mafia, kesho anapanda boti Kilindoni, anashuka Nyamisati, anakwenda bara kuendesha matrekta ya watu! Leo msikitini nimemwambia kila mtu, hata wale niliokwisha kuwaambia jana. Mmoja akanijibu, "Shomari, tumesikia." Nikamwambia sikia tena.

Jana baada ya chakula uliniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, na wakinirudisha?" Nikajitia kukohoa. Uliuliza kwa haki. Lile shamba la mpunga limekuchukua kwa majaribio tu, na meneja alisema wazi kwenye simu, nami nikiwa nimetega sikio: utapewa trekta dogo, utaingia kwenye majaruba yenye tope, na dereva wa kukwamakwama atapanda basi la kurudi kwao. Akaongeza kwamba wewe ndiye mwanamke pekee, kana kwamba hilo nalo ni aina ya tope. Nimekaa na swali lako tangu jana, na barua hii ndiyo jibu. Nivumilie nitakapozunguka.

Unakumbuka trekta letu lilivyokuja? Ulikuwa hujaanza sekondari. Lilikuwa kitrekta chekundu cha bustani, cha kufyekea nyasi za wageni katika hoteli moja kule Utende, na hoteli ilipofunga milango nikalichukua mimi. Watu waliniuliza nitafyeka nyasi zipi, nami nina mbuzi. Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo moja tu: nazi zetu zinaoza bondeni kwa sababu ule mpando wa kuzitolea kwa baiskeli unavunja watu viuno. Nikasema, tutafunga tela nyuma, tutapandisha nazi hadi barabarani, na kijiji kizima kitatuomba tuwapandishie zao.

Siku ya kwanza nilivaa kanzu. Ndiyo, kanzu! Mama yako alinikataza, nikamwambia siku kama ile mtu havai shati la shamba. Tukapakia nazi, nikawasha, nikalitia gia, na magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka palepale. Trekta halikusogea hata unyayo. Yale matairi yalitengenezwa yasiharibu majani ya hoteli, ni laini na mepesi, na lenyewe jepesi vilevile. Mimi nikaongeza mafuta. Yakazunguka zaidi, yakachimba, yakanirushia tope mgongoni. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili za njia. Nikaongeza tena mafuta, mwanangu, kwa sababu walikuwa wananitazama.

Ndipo mjomba wako Hatibu, aliyekuwa ametoka kuvua na bado kashika kasia, akapiga kelele, "Shemeji! Chombo hiki hakina farumi!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini Hatibu alikuwa amesema kweli tupu. Chombo kitupu lazima kiwekewe mawe chini kabisa, ndiyo farumi yenyewe, la sivyo upepo wa kwanza unakilaza. Trekta letu nalo lilitaka uzito ili lishike ardhi. Kosa letu ni kwamba tulijua farumi ya baharini, tukadhani nchi kavu ni vilevile.

Tukaanza na watu. Hatibu na wenzake wakakaa juu ya bamba linalofunika tairi la nyuma, na trekta lilipoanza kuinama pale mpando unapokwenda upande, wote wakakimbilia upande wa juu na kujining'iniza nje, kama wanavyofanya chombo kikilala. Na tukapanda! Nilipiga takbiri. Tulipofika kwenye kona trekta likajinyoosha ghafla, Hatibu akaruka kwenye mihogo. Alisimama akicheka, lakini nilipoteremka niliikuta kandambili yake chini ya gurudumu, imekanyagwa pale pale ulipokuwa mguu wake muda mfupi kabla. Hakuna aliyeiona ila mimi na yeye. Kwa hiyo huko uendako, mtu asikae kwenye bamba la tairi lako, awe rafiki, awe meneja, awe amevaa tai. Mwambie baba yako hataki, kama huna la kusema.

Baada ya watu tukajaribu magunia ya mawe nyuma ya kiti. Lile nalo lilikuwa kosa, maana uzito ulikaa juu, na kila nikipita penye mteremko wa pembeni trekta lilitaka kulala. Ukiongeza uzito uweke chini, kwenye magurudumu yenyewe, na uwe sawa kulia na kushoto.

Sasa nafika kwenye maji, na najua unatabasamu.

Yule fundi wa jenereta wa Kilindoni aliniambia watu hujaza maji kwenye matairi ya trekta. Sikulala kwa furaha. Maji! Nani ana maji kutuzidi sisi? Na kisimani kulikuwa na foleni ya ndoo, na pwani hakuna foleni. Tena nilijua jambo ambalo fundi hakulisema, kwamba maji ya bahari ni mazito kuliko ya kisima, ndiyo maana mtu anaelea baharini na kwenye maji ya mvua anazama. Nilijiona bingwa. Tukapandisha pipa juu ya kichuguu, tukashusha mpira wa maji, tukayajaza yale matairi kupitia pale pa kujazia upepo, na wewe ulikuwa umeshika mpira. Ulikuwa kidato cha pili. Ukasema, "Baba, chumvi inakula chuma."

Nikakuambia, "Vyombo vya babu yako viliishi baharini maisha yote, mbona havikuliwa?"

Ukasema, "Baba, vile vya mbao."

Nikakutuma ukamsaidie mama yako. Haki ya nani, nikikumbuka lile jibu nacheka peke yangu hata nikiwa njiani, watu wananitazama. Lakini siku ile sikucheka.

Na ubaya ni kwamba lilifanya kazi! Trekta lilipanda kutoka bondeni kama ng'ombe aliyeona zizi. Msimu mzima nilitembea kifua mbele. Wenye mashamba walikuja na nazi zao, na mimi nikawaeleza habari za maji ya bahari kama mtu aliyeyavumbua. Wakati huo kwenye mzizi wa valvu palikuwa panavuja kidogo, tone moja moja, na chumvi ilikuwa inaingia kati ya tairi na rimu, pasipoonekana. Nje rangi nyekundu ilikuwa inang'aa, maana nilikuwa naisugua kila Ijumaa.

Ile siku unaijua, lakini hujui upande wangu. Mimi nilikuwa juu, wewe nyuma kwa miguu na gogo lako la kuzuilia tela. Tulikuwa katikati ya mpando, na pale juu penye kahawa wazee wamekaa. Nikasikia mlio, kama mtu amevunja kuni. Rimu ya kushoto ilikuwa imepasuka. Trekta likainama upande wa mtaro na tela likaanza kuturudisha nyuma. Unajua nilifanya nini? Niliongeza mafuta. Si kwa kutojua. Niliwaona wale wazee wameacha vikombe, na nikataka nipande kwa vyovyote. Wewe ulikuwa unapiga kelele, "Zima, baba! Zima!" Kisha nikasikia gogo limeingia chini ya gurudumu la tela, na kila kitu kikasimama, na nikazima.

Niliogopa, mwanangu. Trekta lilikuwa limeegama kiasi kwamba kama ningeendelea kukanyaga lingenilalia, na chini yangu palikuwa na mtaro wa mawe. Wewe ulikuja ukaichokonoa ile rimu kwa kidole, na kutu ikatoka maganda maganda kama ya kitunguu. Ukanitazama. Hukusema "nilikuambia." Mpaka leo sijui ulijizuia vipi, mimi ningelisema lile neno mpaka Idi.

Hapo hapo nikasimama juu ya tela na kuwatangazia wale wazee kwamba mtoto huyu alinikanya na mimi nikamfukuza. Walisema nimechanganyikiwa kwa mshtuko. Sikuchanganyikiwa. Nilikuwa hai, nilikuwa na mtoto mwenye akili kuliko mimi, na nilitaka watu wajue vyote viwili.

Kuanzia siku ile farumi ikawa kazi yako, na mimi nikawa wa kushika mpira. Raha iliyoje! Tukaenda kisimani, tukapanga foleni kama watu wengine. Ukanionyesha gurudumu ligeuzwe mpaka valvu iwe juu, maji yafike usawa wake yasizidi, pale juu pabaki upepo ili tairi lipate kupumua likipita kwenye jiwe. Kisha ukaja na wazo la saruji. Tukamimina duara mbili nene, tukazichomeka bolti ndefu zikiwa bado mbichi, tupate kuzifunga kwenye rimu mpya. Zile duara zilitoka nzuri kwa sababu tulizimiminia ndani ya mabeseni ya kufulia ya mama yako. Aliporudi kutoka kwenye mwani wake na kukuta mabeseni yake yamekuwa mawe, wewe ulikimbilia kwa bibi yako na mimi nikakimbilia msikitini, na haikuwa hata saa ya swala.

Tulipozipima kwenye mizani ya mbata, ile ya kupimia nazi kavu, moja ilizidi. Mimi nilisema tuache, tofauti yenyewe ndogo. Wewe ulikaa chini na patasi mpaka zikawa sawa. Na ile nanga kuukuu ya Hatibu ukaifunga mbele, ili pua isinyanyuke tukipandisha mzigo. Wageni wakipita hupiga picha wakidhani ni urembo.

Nimekueleza mambo unayoyajua, lakini nataka uyajue kwa sauti yangu, kwa sababu nina wasiwasi nimekurithisha kitu kibaya pamoja na trekta. Unakumbuka baada ya zile duara mimi nikanogewa? Nikaongeza vyuma. Kila chuma nilichokiokota njiani nikakifunga. Trekta likawa zito mpaka klachi ikanuka kama ugali ulioungua, na kule lilikopita kwenye shamba la mama yako udongo ukashindiliwa ukawa sakafu. Mihogo ya mwaka ule ilitoka myembamba mpaka mbuzi waliitazama mara mbili. Ni wewe uliyevifungua vile vyuma kimoja kimoja nikiwa nimenuna barazani. Mimi ni mtu wa kuongeza. Nikikwama naongeza mafuta, nikiteleza naongeza mawe, nikibishiwa naongeza sauti. Na juzi nilikuona unapakia vitabu vya kidato cha nne, vyote, viende shamba la mpunga. Nikasema lahaula, huyu ni mtoto wangu kweli.

Huko kuna tope ambalo mimi silijui. Tope letu lina mchanga chini yake, ukichimba unafika penye ugumu. La mpunga nasikia halina chini. Labda ule uzito unaokuokoa hapa huko utakuzamisha, labda watakuambia umwage maji yote kwenye matairi. Nasikia wana magurudumu ya chuma, ya vyuma vitupu kama tenga, yanayofungwa pembeni ya matairi ili trekta litembee juu ya tope lisiteleze. Nimeyaona kwenye simu tu. Utayagusa! Utayafunga kwa mkono wako! Nakuonea wivu, wallahi, baba mzima nakuonea wivu. Basi usiwaambie, "Sisi kwetu Mafia tunafanya hivi." Shuka kwanza, vua viatu, ingia jarubani kwa miguu yako, uone kisigino kinakwenda wapi. Halafu waulize waliokutangulia, na wakikujibu vibaya waulize tena kesho yake.

Ukilivuta jingine lililokwama, kamba ifungwe chini kwenye trekta lako, chini kabisa ya ekseli. Wakikuambia juu ndiko kunakovuta vizuri, teremka uwaachie wavute wao. Trekta likivuta kwa kamba iliyofungwa juu hunyanyua pua na kumpindukia dereva, na hapo hakuna wa kukuwekea gogo.

Na utakwama, Mwanaidi. Siku ya kwanza au ya tatu, utakwama, na watasimama kwenye tuta la jaruba kukutazama kama nilivyotazamwa mimi na kanzu yangu. Mmoja atasema neno la mwanamke na trekta. Mguu wako utataka kukanyaga mafuta. Naujua mguu huo, ni wangu. Wewe zima. Zima kabisa, shuka, wacha wacheke, uzunguke trekta lote pole pole ukitazama. Wewe ulinipigia kelele nilizime, na ndiyo maana nipo hapa naandika. Sasa sitakuwepo kukupigia kelele, na hili ndilo linaloniuma kuliko mengine yote. Si kwamba sitaweza bila wewe, ingawa sitaweza vizuri. Ni kwamba utakwama mahali na mimi nitakuwa huku napandisha nazi, sijui.

Mama yako ananiita, anasema begi limekataa. Nakuja, nakuja. Nimalize.

Swali lako. Nilikohoa jana kwa sababu nilitaka kusema hawatakurudisha, na nikajua huo ni uongo wa baba, maana mimi siwajui na wao hawakujui. Naamini watakubakisha. Naamini mpaka nimeshaanza kujisifu. Lakini kama watakurudisha, sikiliza. Utanipigia simu ukiwa Nyamisati. Usingoje boti ya jioni ili watu wasikuone. Usijitande khanga mpaka machoni na kupita uchochoroni. Usimwambie mtu kwamba umekuja likizo. Utashuka gatini Kilindoni mchana kweupe, na mimi nitakuwa pale na trekta, na tela nyuma, na mkeka umetandikwa kwenye tela. Tutapita katikati ya soko taratibu, na kila atakayeuliza nitamjibu kwamba mwanangu ametoka kulima bara. Na kama watakubakisha, siku utakayonipa habari nitaondoka Ndagoni vilevile, na trekta hilo hilo, nizunguke soko lile lile peke yangu na mkeka mtupu.

Safari ya Kilindoni ninayo kwa vyovyote. Ndiyo maana leo asubuhi, ulipokwenda kumuaga bibi yako, nilizifungua nyaya za honi, nikazisafisha na kuziunga upya. Haikuwa imelia tangu trekta lilipotoka hotelini. Mama yako ameangusha sufuria ya maharage. Inalia, Mwanaidi. Inalia vizuri sana.

Baba yako,
Shomari